Sanaa ya Wenyeji Katika Vituo vya Treni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mji wowote unapofikiria kuweka kazi za wasanii wake katika vituo vya usafiri, pingamizi zinazotolewa hufanana. Nyingi kati yake zinaweza kupimwa kwa mfano wa New York, ambako mamlaka ya usafiri, MTA, ilianzisha mpango wake wa sanaa mwaka 1985 na leo ina kazi za kudumu zaidi ya 300 katika mtandao wake.

Pingamizi la kwanza husema kwamba sanaa ni pambo la kubandika mwishoni, fedha zikibaki. Anayedhani hivyo na atazame kituo cha mtaa wa 125 huko Harlem, eneo la New York, ambako tangu mwaka 1996 kuta za pande zote mbili zina mozaiki za Faith Ringgold, mchoraji aliyezaliwa Harlem mwaka 1930. Mwanaharakati Malcolm X, mwandishi Zora Neale Hurston, mwimbaji Dinah Washington na bondia Sugar Ray Robinson wanaonekana wakipaa juu ya majengo ya mtaa wao, na kila uso umeundwa kwa vipande vidogo vya kioo vilivyopangwa kimoja kimoja. Kituo cha chini ya ardhi hutikisika treni inapopita, maji hupenya kutani, na vumbi la chuma linalotoka kwenye magurudumu na breki hutanda kila mahali, kwa hiyo picha ya rangi juu ya turubai haiwezi kudumu humo. Ndiyo maana kazi za kudumu hutengenezwa kwa kioo, vigae, shaba au chuma, na mchoro wa msanii hukabidhiwa mafundi wenye ujuzi wa vifaa hivyo. Maandalizi ya namna hii yanapaswa kwenda sambamba na ramani za ukarabati wenyewe. Msanii akiitwa baada ya mkandarasi kukabidhi ukuta, ama ukuta utabomolewa, ama ataishia kutundika ubao ambao hautachukua muda kuchakaa.

Wapo pia wanaodai kwamba msanii wa mtaani hana kiwango, na kwamba ni heri kumleta mwenye jina kutoka mbali. Dai hili halina msingi. Mchoraji Jacob Lawrence, ambaye mozaiki yake iliwekwa katika kituo cha Times Square mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alikulia Harlem, na sifa yake ilianza kwa kuchora maisha ya watu weusi aliokua miongoni mwao.

Hofu nyingine ni kwamba kuwaalika wasanii ni kuwafungulia mlango wachafuzi wa kuta. Mpango wa New York ulianza wakati mabehewa mengi yakiwa bado yamejaa michoro ya rangi za kupuliza, na behewa la mwisho la namna hiyo liliondolewa Mei 1989. Kwa miaka kadhaa, basi, mamlaka ile ile ilikuwa ikifuta michoro huku ikiagiza mingine. Kati ya mwaka 1980 na 1985 msanii Keith Haring alikuwa akichora kwa chaki nyeupe kwenye karatasi nyeusi zilizofunika mabango matupu ya matangazo, na alikamatwa zaidi ya mara moja. Kipaji hakikuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni makubaliano.

Kuhusu malipo, ipo kauli inayoumiza sana, kwamba msanii ataonekana na maelfu ya watu na hiyo inamtosha. Kazi ya kudumu ni mkataba wenye gharama za usanifu, utengenezaji na usimikaji, sawa na kazi ya fundi umeme. Kwa wanamuziki wanaopiga vituoni, hata hivyo, hali ni tofauti: wanaopita katika usaili wa MTA hupangiwa mahali na muda wa kupiga, lakini hawalipwi mshahara, na hutegemea kutuzwa na wapita njia. Kwa maoni yangu, huo ni upungufu usiofaa kuigwa.

Kwetu Afrika Mashariki husemwa kwamba haya ni mambo ya kigeni, ilhali Nairobi ina nganya, matatu zilizochorwa kwa ustadi kiasi kwamba vijana wako tayari kuyaacha magari mengine yapite. Kanuni za mwaka 2004, zilizotaka kila matatu iwe na mstari wa njano, ziliirudisha nyuma sanaa hiyo kwa muda, lakini haikufa. Mwenye gari humlipa mchoraji kwa sababu anajua abiria watafuata. Hata hivyo, gari likiuzwa au likipakwa rangi upya, kazi hupotea.

Hapo ndipo inapozuka dhana ya mwisho, kwamba mwenye ukuta anaweza kufuta atakavyo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 huzilinda baadhi ya kazi za sanaa dhidi ya kuharibiwa. Michoro ya 5Pointz, jengo la eneo la Queens huko New York ambalo kuta zake zilijaa kazi za wasanii, iliyokuwa ikionekana na abiria wa treni namba 7, ilifunikwa kwa rangi nyeupe na mwenye jengo usiku mmoja wa Novemba 2013. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2020. Mji unaotaka kuepuka kesi za aina hiyo huandika mapema, ndani ya mkataba, nani atakayesafisha na kurekebisha kazi, na msanii atajulishwa vipi kituo kitakapobadilishwa.