Johnny Cash hakuwahi kufungwa Folsom

Wapenzi wengi wa muziki wa kantri husimulia kwamba Johnny Cash, mwimbaji maarufu wa Marekani, alifungwa katika gereza la Folsom, California, na humo ndimo alimotungia wimbo wake "Folsom Prison Blues". Sivyo. Cash hakuwahi kutumikia kifungo gerezani, si Folsom wala kwingineko.

Wimbo ulianzia Ujerumani. Mtoto huyu wa wakulima wa pamba wa Arkansas alikuwa askari wa jeshi la anga la Marekani huko Landsberg, akinasa mawasiliano ya Wasovieti yaliyotumwa kwa Morse, yaani alama za nukta na vistari. Huko alitazama filamu kuhusu Folsom, ikamgusa. Alirekodi wimbo huo mjini Memphis, Marekani, mwaka 1955.

Kukamatwa, alikamatwa, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1965, mjini El Paso, alikutwa na mamia ya vidonge alivyovificha ndani ya kasha la gitaa. Alilala mahabusu usiku mmoja, na baadaye akapewa faini na kifungo cha nje.

Folsom aliingia kwa mlango wa wageni, kuwaimbia wafungwa; albamu ilirekodiwa humo tarehe 13 Januari 1968. Hata zile shangwe zinazolipuka kwenye albamu anapoimba, katika wimbo huo huo, kwamba alimuua mtu mjini Reno ziliongezwa studioni. Wafungwa wenyewe walinyamaza, walinzi wakiwatazama.

Kwangu mimi, ukweli huu unamkuza zaidi. Hakuwa na deni na wafungwa, lakini mwaka 1972 alikwenda mbele ya kamati ndogo ya Seneti, Washington, kuwatetea.