Simu ikizama, ujumbe wa kundi la ukoo uko wapi?

Wengi hapa Lamu huamini kuwa picha na sauti za kundi la WhatsApp la ukoo zimehifadhiwa na kampuni ya WhatsApp yenyewe. Simu ikitumbukia baharini pale gatini, unarudisha laini yako, na kila kitu kinarudi. Ni dhana inayoeleweka, kwa kuwa namba yako kweli hukurudisha kwenye makundi yako.

Ujumbe ni jambo jingine. Ukishawafikia wenzako, hufutwa kwenye mitambo ya kampuni. Usiofika husubiri hadi siku 30 tu. Uliofika huishi ndani ya simu zenu. Jaribu mwenyewe: zima intaneti, kisha ucheze sauti ya zamani uliyokwisha kuipakua. Itacheza, maana imo mkononi mwako.

Kinachookoa ni nakala rudufu (backup), yaani nakala ya pili ya soga zako inayowekwa nje ya simu. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya soga, utazame tarehe ya nakala ya mwisho. Watu wengi hawajawahi kupagusa, nami naona hapo ndipo sauti za mabibi zetu zinapopotelea. Kwa simu za Android nakala huenda kwenye akaunti ya Google, ambayo nafasi yake ya bure ni GB 15, pamoja na barua pepe na picha; ikijaa, nakala mpya hukwama. Hakikisha unaikumbuka akaunti hiyo na neno lake la siri. Picha za harusi na za marehemu, mpe pia jamaa mmoja azihifadhi kwenye kompyuta.