Keji imetengenezwa kwa kichwa chenye helmeti

Kabla sijakata bomba hata moja, namkalisha mteja kwenye kiti chake, namfunga mkanda, kisha napitisha ngumi yangu kati ya kichwa chake na mahali bomba litakapopita. Ngumi isipopita, kazi inasimama. Ikipita, bado namuuliza swali moja: hili gari Jumatatu linaenda wapi?

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Nakuru, na kazi yangu kubwa ni keji, yaani ile fremu ya mabomba inayoshikilia paa gari likibiringika. Zamani walionitafuta walikuwa madereva wa mashindano tu. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na vijana kuanza kujazana Soysambu na Elmenteita kutazama vumbi, napigiwa simu na wenye Subaru wanaotaka gari moja lifanye kazi mbili. Jumapili likimbizwe uwanjani, Jumatatu lipeleke mtoto shule. Hapo ndipo tunapokosana mimi na wateja wangu, na ningependa tukosane mapema, kabla chuma hakijanunuliwa.

Keji ilibuniwa kwa mtu aliyevaa helmeti, aliyekaa kwenye kiti cha mbio, aliyefungwa mikanda ya pointi tano au sita hadi mabega hayainuki. Hivyo vitu ni kazi moja. Ukiondoa kimoja, kinachobaki kinageuka adui. Mkanda wa kawaida wa pointi tatu unakubali kiwiliwili kisogee kidogo, kwa sababu waliotengeneza gari walijua mbele kuna mfuko wa hewa na pembeni kuna plastiki inayobonyea. Ukipitisha bomba la chuma palepale kichwa kinaposogea, umeharibu hesabu yao yote. Magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayoshuka kutoka juu ya mlango, ni mabaya zaidi: bomba linalofuata ukingo wa paa linaweza kuizuia isifunguke inavyotakiwa.

Wengi hufikiria kubiringika tu. Mimi nafikiria foleni. Umesimama unasubiri kuingia mjini ukitokea Njoro, lori linakugonga nyuma. Kiti cha kawaida kinalala kidogo, mgongo unateleza kwenda juu, kichwa kinarudi mahali ambapo zamani palikuwa hewa tupu. Sasa pana chuma. Ajali ambayo ungeshuka ukibishana na dereva wa lori, inakupeleka hospitali na fuvu limepasuka.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia kutoka Kisumu kwa njia ya Kericho. Keji alikuwa ametengenezewa kwingine. Aliposhuka niliona nundu juu ya sikio lake la kulia, imevimba kama nusu ya limau. Nikamuuliza, "Ulianguka?" Akasema, "Hapana, mkubwa. Ni shimo, pale karibu na Londiani." Tairi lilizama, gari likayumba, na kichwa kikakutana na bomba la juu ya mlango. Hakuna aliyemgonga. Hakuwa hata anakimbia.

Niliingia ndani ya gari na tochi. Mabomba yalikuwa ya maji, yale ya mabati ya inchi moja na nusu. Alijitetea kwamba ni mazito, na alisema kweli: nilipokata kipande na kuweka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ukuta wake ulizidi milimita 3. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kwa upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya viti vya mbele, zinataka bomba la milimita 45 lenye ukuta wa 2.5, au la milimita 50 lenye ukuta wa 2.0. Kwa hiyo unene alikuwa nao. Ndiyo maana nasema unene unadanganya watu. Kanuni hizohizo zinataka chuma chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3, kilichovutwa kikiwa baridi, kisicho na mshono, chenye uwezo wa kuhimili angalau nyutoni 350 kwa kila milimita mraba kabla hakijakatika. Nilimgeuzia kile kipande kwenye mwanga wa mlango, nikampa kidole chake apitishe ndani. Akausikia mshono, mstari mwembamba uliosimama kutoka mwanzo hadi mwisho. Bomba la maji lilitengenezwa libebe maji. Hakuna aliyeahidi kwamba mshono ule utabeba gari likitua juu ya paa.

Kisha kona. Aliyepinda alijaza mchanga na kupasha moto, na upande wa ndani wa kila kona ulikuwa umejikunja kama mkono wa shati. Kona nzuri hupindwa baridi, kwa mashine, na nusu kipenyo cha mpindo, kikipimwa katikati ya bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba lenyewe. Ukipima kipenyo cha bomba pale kwenye kona kwa pande mbili zinazokingamana, kipimo kidogo kisishuke chini ya asilimia 90 ya kikubwa. Cha huyu kijana kilishuka mbali. Pale ndipo bomba lingekunjika.

Zinki nayo ni shida ya mteja na ya fundi. Ukichomelea juu ya mabati, zinki inachemka na kuacha vitundu ndani ya mshono wa kuchomelea, na juu unaona mshono mzuri tu. Moshi wake huleta homa usiku, mwili ukatetemeka kama wa malaria. Mafundi wenzangu wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Ndugu zangu, maziwa huenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Kwaruza zinki yote, fungua milango, vaa barakoa inayofaa. Au bora zaidi, usilete bomba hilo kwenye keji kabisa.

Sponji iliyozungushiwa mabomba ya keji yake ili kichwa kisigonge chuma ilikuwa ile nyeusi ya kufunikia mabomba ya friji. Niliibonyeza kwa vidole viwili nikagusa chuma. Sponji inayokubaliwa mahali helmeti inapoweza kugonga ina alama ya FIA 8857-2001, ni ngumu kiasi kwamba watu hunirudishia wakidhani nimewauzia mbao. Ugumu huo una maana yake: inategemea kwamba ndani ya helmeti kuna povu jingine litakalobonyea. Kichwa kitupu hakina.

Tukaja kwenye helmeti yake. Ilikuwa ya pikipiki, safi, ya bei. Nilimwinulia kitambaa cha ndani tukatafuta kibandiko cha Snell, shirika linalopima usalama wa helmeti. Kilikuwa na herufi M. Hiyo ni ya pikipiki. Ya gari ina herufi SA, kama SA2015 au SA2020. Helmeti ya SA inapimwa kwa moto, na inagongeshwa kwenye chuma chenye umbo la bomba la keji. Ya M haipitii majaribio hayo mawili. SA2015 na SA2020 zina pia matundu ya kufungia HANS, kile kifaa cha mabegani kinachozuia kichwa kurushwa mbele na shingo kukatika chini ya fuvu. Na tafadhali msinunue helmeti ya mtumba. Povu lake hubonyea mara moja tu, na likishabonyea huwezi kuona kwa nje.

"Basi nitavaa helmeti kila siku," akasema. Barabarani helmeti inakupunguzia masikio, inakupunguzia jicho la pembeni, na inaongeza uzito wa kilo moja na nusu hivi juu ya shingo iliyoshikwa na mkanda wa kawaida. Boda itakupita kushoto bila wewe kuiona.

Akanikumbusha, na aliniuliza vizuri, kwamba madereva wa Safari wenyewe huvua helmeti wakitoka hatua moja ya mashindano kwenda nyingine kwenye barabara za umma. Ni kweli. Lakini tazama walivyokaa. Viti vimeshushwa karibu na sakafu na kurudishwa nyuma, vina masikio makubwa pande zote za kichwa, mikanda imewabana, na mabomba yamepangwa mbali nao. Yeye alikuwa kwenye kiti kilekile cha kiwandani, kirefu, nywele zikigusa kitambaa cha paa.

Nilimuuliza nani hukaa nyuma. Akasema mpwa wake, siku za shule.

Tulikata keji yote. Ilichukua siku nzima na diski nyingi za grainda. Mahali pake nikamwekea nusu keji: upinde mmoja nyuma ya viti vya mbele na miguu miwili ya kurudi nyuma. Kila mguu una sahani ya milimita 3 yenye eneo la sentimita mraba 120 na zaidi, na bolti tatu za M8, yaani za milimita 8, zenye daraja la nguvu 8.8. Hakuna bomba juu ya mlango, hakuna bomba mbele, mifuko ya hewa ipo kama ilivyotoka kiwandani. Kiti cha nyuma tulikitoa, kwa sababu pale miguu inapopita hapakaliki mtoto. Mpwa atapanda basi la shule. Alinyamaza muda mrefu kabla hajakubali hilo, nami sikumharakisha.

Kazi yote ilipoisha, jioni nilimkalisha tena, nikamfunga mkanda, nikapitisha ngumi pembeni, juu na nyuma. Ilipita. Nundu ilikuwa imeanza kushuka. Akashika barabara ya Kericho kichwa wazi, helmeti ikiwa kwenye begi lake nyuma, imefungwa kwa mkanda kwenye sakafu isirushwe mbele akifunga breki.