Je, wajua kwa nini baadhi ya wanaoishi na VVU waliona huduma imeboreka wakati wa corona?

Ukimuuliza daktari kama huduma ya VVU ni nzuri, atakuonyesha kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu. Ukimuuliza anayemeza dawa, huenda akaanza na benchi la kliniki: alikaa saa ngapi, na ni nani aliyemwona pale.

Corona ilipoingia Kenya, Machi 2020, kafyu ikatangazwa, matatu zikapunguza abiria na nauli ikapanda. Ili watu wasirundikane, kliniki nyingi zaidi zikawapa wale ambao hali yao ni imara ARV za miezi mitatu, pengine zaidi, kwa mkupuo mmoja. Utaratibu huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeupendekeza tangu 2016. Corona iliuharakisha tu.

Kwa aliyezoea kwenda kila mwezi, safari kumi na mbili kwa mwaka zikawa nne. Nauli inabaki mfukoni, kibarua hakipotei, na mlango ambao mtaa mzima unajua ni wa nini unauingia mara chache, tena ukiwa umevaa barakoa. Sidhani kuna aliyeipanga hiyo ya barakoa, ila iliwasitiri wengi.

Si kila mtu aliyefurahi. Makopo matatu ni mzigo kuyaficha katika chumba kimoja cha kupanga, maana kopo la vidonge hulia kama kayamba. Wapo wanaolijaza pamba ili linyamaze. Na aliyepimwa juzi tu hahitaji vidonge pekee, anahitaji mtu wa kuketi naye. Ushauri wa simu utamfaa nini mke ambaye simu yake hupokelewa na mume asiyejua hali yake?

Kilichowakasirisha watu zaidi kilikuja 2021. Shehena ya ARV iliyotolewa msaada na Marekani ilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa kodi na wa nani aisambaze. Dawa ya maji ya watoto ikaadimika, na watu wakaandamana. Aliyekuwa akichukua za miezi mitatu akapewa za mwezi, mwingine za wiki, akarudi kwenye lile benchi. Safari hii si corona iliyomrudisha: dawa zilikuwa zimeshafika nchini, zimefungiwa ndani ya kontena.