Geini si sauti kubwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa na shughuli ya kumtoa mwali Chikongola, hapa Mtwara mjini. Shughuli ya uani tu, watu hawakufika mia: spika mbili, maiki mbili, simu ya kupigia nyimbo na miksa yangu ndogo, kile kifaa cha kuchanganyia sauti, juu ya stuli. Mshereheshaji kashika maiki usawa wa kitovu, na kila baada ya dakika tano ananigeukia: "Njomba, tia geini!" Natia. Maiki inapiga mluzi, kina mama wanaziba masikio, anageuka tena: "Njomba, punguza volyumu, geini iache palepale." Nikacheka, nikaendelea na kazi.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa Mikindani akaniletea kaswida aliyoirekodi chumbani kwake. Imepasuka kuanzia bismillahi mpaka mwisho. Nikamuuliza ilikuwaje. "Kaka, nilijaza geini ili sauti iwe nene." Hapo uvumilivu ukaniishia, ndiyo maana naandika.

Geini ni mara ngapi kifaa kimekuza umeme wa sauti uliokiingia. Basi. Zimeingia milivolti 2, zimetoka milivolti 200: geini ni mara 100. Haisemi kama watu wa nyuma wanasikia au hawasikii. Inalinganisha kilichoingia na kilichotoka, haina habari na masikio ya mtu. Volyumu ni kitu kingine: ni kiasi cha sauti unachoamua kuwapa watu kule mwisho, baada ya kazi yote ya ndani kwisha. Kwenye miksa, geini iko pale maiki inapoingilia, juu kabisa ya safu. Volyumu iko chini, karibu na tumbo lako.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana ndilo linaloniudhi.

Tumelichukua kwa Waingereza, nao wakalichukua kwa Wafaransa. Kwa Wafaransa wa zamani lilikuwa kitenzi cha kupata, kuchuma mali, hata kulima shamba. Wao nao walilipokea kutoka lugha za Kijerumani za kale, ambako lilihusu kuwinda na kutafuta malisho. Mtu alitoka nyumbani mikono mitupu, akarudi na kitu. Sisi tunalo neno lililopita njia hiyohiyo bila kumuuliza mtu: kuchuma. Tunachuma embe, na tunachuma mali. (Korosho hatuchumi, tunaokota, najua; msinipigie simu.) Kwa hiyo aliyetaka kuitafsiri geini kwa haki angesema chumo, au faida.

Ila faida ya nini? Wa kuulizwa hapa ni mafundi wa simu, wala si wanamuziki. Zamani simu za mbali zilipita kwenye nyaya ndefu, na umeme wa sauti ulikuwa unapungua njiani kila maili. Kupungua huko wakakuita hasara. Katikati ya njia wakaweka mashine za kuukuza upya, na kile kilichorudishwa wakakiita faida, yaani geini. Lugha ya duka kabisa: njiani umepata hasara kiasi hiki, kituoni umepata faida kiasi hiki, jumla je? Ili hesabu iwe rahisi kujumlisha na kutoa, mafundi hao wa simu wa Marekani katika miaka ya 1920 wakatengeneza kipimo kilichokuja kuitwa desibeli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Ndiyo maana geini ya miksa yako imeandikwa kwa desibeli mpaka leo. Desibeli 20 ni kuzidisha volti mara 10, desibeli 40 ni mara 100, desibeli 60 ni mara 1,000.

Angalia basi: tangu siku ya kwanza geini ilikuwa dawa ya udhaifu. Inamfidia aliyefika amechoka. Hakuna aliyeileta duniani kwa ajili ya kelele.

Na maiki hufika imechoka kweli. Chukua Shure SM58, ile yenye kichwa cha wavu ambayo iko sokoni tangu 1966 na kila maiki ya bei rahisi inajaribu kufanana nayo. Ndani yake mna koili ndogo, yaani waya uliosokotwa, na sumaku. Sauti yako inaitikisa koili, umeme unazaliwa, kama dinamo ya baiskeli ila ndogo mno. Mtu akiongea kwa nguvu karibu nayo inatoa milivolti mbili hivi. Vifaa vya ndani ya miksa, na amplifaya inayofuata, vinataka kitu cha karibu volti 1. Hapo unahitaji kuzidisha mara mia kadhaa. Kazi hiyo ni ya geini, na hakuna kingine kwenye miksa kilichoumbwa kuifanya.

Kiswahili chetu nacho kina lawama kidogo. Tunaiita maiki kipaza sauti. Honi ya msikitini nayo tunaiita kipaza sauti. Kupaza ni kupandisha, kufanya kitu kipae. Honi inastahili jina hilo, maiki haistahili, kwa sababu haipazi chochote. Inapokea sauti kubwa na kutoa umeme mdogo. Mtu aliyezoea kwamba ameshika kipaza sauti anaamini kazi ya kupaza imeshafanyika mkononi mwake, kwa nini ailete mdomoni? Halafu neno sauti lenyewe linabeba mizigo mitatu: sauti ya mtu, sauti yoyote inayosikika, na ukubwa wake. "Ongeza sauti" inaeleweka na kila mtu. Tatizo lilianza pale watu walipoona sauti ni neno la kawaida mno, wakatafuta la kitaalamu la kuweka badala yake, wakaokota geini.

Viwanda nao havijatusaidia. Vimiksa vingi vya bei nafuu, hivi vya Behringer na Yamaha vya njia tano, sita, nane au kumi za kuingizia sauti, havina feda, vile vitelezi vya kusukuma juu na chini. Vina nobu, vile vitufe vya kuzungusha, moja juu na moja chini, zinafanana kama mapacha. Ya juu imeandikwa GAIN, ya chini LEVEL, ndiyo volyumu ya njia hiyo, na kwenye giza la uani maandishi hayo hayasomeki. Nyuma ya amplifaya utakuta nobu nyingine imeandikwa GAIN, ilhali amplifaya nyingi geini yake ya kweli haibadiliki: nobu ile inapunguza tu kinachoingia. Wapiga gitaa nao wana geini yao, ambayo kwao maana yake ni kukwaruza makusudi. Kwa hiyo simlaumu sana mshereheshaji. Na miksa zenye feda zina balaa lake, maana hapo utasikia mtu anakuambia geini ni faida na feda ni fedha, mradi kaunganisha.

Nitamtetea zaidi ya hapo. Ukizungusha geini, sauti inaongezeka kweli. Sikio la aliyekaa kwenye kiti halina namna ya kujua umegusa nobu ya juu au ya chini. Mluzi nao haubagui: maiki ikisikia spika vya kutosha italia tu, nyongeza iwe imetoka juu au chini. Ndiyo maana agizo la "punguza volyumu, geini iache" lilifanya kazi siku ile, akarudi kwake akiamini ametibu kwa ujuzi.

Tofauti inaonekana mahali pengine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu yule kijana wa Mikindani alinasa hapahapa.

Alikuwa na maiki ya kondensa, ile inayotaka volti 48 kutoka kwenye miksa. Maiki za aina hiyo hutoa umeme mkubwa mara kadhaa kuliko ya koili, kwa hiyo hazihitaji geini nyingi. Yeye akazungusha nobu ya juu mpaka karibu na mwisho. Taa nyekundu ya njia ile ikawaka, hakuijali. Miksa imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Kwenye kompyuta kipimo kikagonga juu, hiyo akaiona, akashusha LEVEL mpaka kipimo kikatulia. Akaridhika, akarekodi. Nilipofungua faili nikakuta mawimbi madogo tu, hayajagusa juu wala chini, ila vichwa vyake vimekatwa bapa kama msumeno umepita. Huo ndio ushahidi wote unaouhitaji. Sauti ilipasukia mlangoni, kwenye geini, ndipo ikapunguzwa. Ukipunguza sauti iliyopasuka unapata sauti ndogo iliyopasuka. Hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa, na kwa kuwa vimiksa vingi vya namna hii vinapeleka kompyutani mchanganyiko mmoja tu wa kushoto na kulia, dufu na waimbaji wa nyuma wote walikuwa wameshapikwa chungu kimoja naye. Alirudia upya.

Nikamuuliza kwa nini alijaza. Akasema feni ilikuwa inasikika, akataka sauti yake iizidi. Nani atazima feni Mikindani mwezi wa kumi na mbili? Lakini geini haichagui. Inazidisha kila kilichopita kwenye maiki kwa kiasi kilekile: koo lako mara 100, feni mara 100, jogoo wa jirani mara 100. Kinachochagua ni umbali. Ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye maiki ukasogea hadi 10, koo lako linapanda kama desibeli 6, yaani umeme unakuwa maradufu, na feni inabaki palepale ilipokuwa. Mshereheshaji wangu angeinua maiki kutoka kitovuni hadi mdomoni tungepata nyongeza kubwa bila kugusa geini, na bila mluzi.

Kwenye shughuli kuna madhara mengine, ya kimya. Geini ikiguswa, kila kinachofuata kinaguswa. Spika ya kwaya waliyoiweka miguuni ili wajisikie, headfoni zangu, rekodi inayoingia kwenye simu ya binti wa picha: vyote vinapanda pamoja. Ukigusa LEVEL au feda, kwa miksa nyingi, mara nyingi unabadilisha kile wanachosikia waalikwa, na spika ya waimbaji inabaki ilivyo. Ndiyo maana geini hupangwa kabla watu hawajakaa. Unamwambia mtu apaze sauti kama atakavyopaza shughuli ikichanganya, si ile "halo, halo, moja mbili" ya kinyonge, unazungusha mpaka taa nyekundu imulike, unarudisha nyuma kidogo, unaacha nafasi ya vigelegele. Kisha unaisahau. Ukiiweka chini mno utalazimika kusukuma huku mbele kwa nguvu, na pamoja na sauti utapandisha ule mvumo wa shaa wa vifaa vyenyewe, ambao uani hausikiki ila kwenye rekodi unakaa kama mvua ya mbali juu ya bati.

Simu ya nyimbo sikuigusia. Yenyewe inatoka na umeme mkubwa tayari, ipelekeni kwenye njia za stereo zisizo na nobu ya geini. Ukiichomeka kwenye tundu la maiki utajua mwenyewe.

Yule mshereheshaji nimekutana naye juzi sokoni, nikamweleza haya kwa ufupi, pembeni, kwa sababu kumsahihisha mtu mzima mbele ya watu si adabu. Nikamwambia: njomba, ukitaka isikike zaidi, sema "ongeza sauti", mimi nitajua niguse wapi. Geini ilishapangwa kabla hujafika. Na maiki ilete mdomoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema kuhusu maiki nimeelewa, ila neno geini lina utamu wake mbele ya watu.

Kwa utamu sikumbishia.