Je, wajua kwa nini kalenda ya mvua ya Dodoma humpotosha msafiri wa pwani?

Ukiweka rula juu ya ramani ya Tanzania, ncha yake moja ikiwa Dodoma, kisha ukaivuta kwenda mashariki bila kuipandisha wala kuishusha, itapita jirani na Kongwa na Gairo, itafika baharini karibu na mahali mto Wami unapomwaga maji yake, itavuka mkondo wa Zanzibar na kugota mjini Unguja. Miji hii miwili iko nyuzi 6 na dakika 10 hivi kusini mwa ikweta, na jua huipitia utosini siku zile zile, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mtu angetarajia basi kwamba majira yake yafanane. Hayafanani hata kidogo: Dodoma katika mwaka wa kawaida hupata mvua zisizofika milimita 600, zote katika msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, ilhali Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 katika misimu miwili, vuli na masika.

Jambo hili lingebaki kuwa somo la jiografia la darasani kama lisingegusa mfuko. Tangu treni ya SGR ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, anayeondoka hapa Makao Makuu hufika karibu na bahari kwa muda usiozidi saa nne, safari ambayo kwa basi hula sehemu kubwa ya siku. Swali linalosikika sasa maofisini na majumbani ni moja, twende mwezi gani, na jibu linalotolewa upesi ni lile linalosomwa kwenye anga ya hapa hapa: mvua zikikatika, tufunge mizigo. Kwa kuwa huku mvua hukatika Aprili, Mei huonekana mwezi mzuri. Pwani, Mei bado ni masika. Barabara za mitaani zimejaa madimbwi, boti hucheleweshwa na hali ya bahari, na baadhi ya hoteli za Unguja zimefungwa kwa ukarabati kwa sababu wenyeji wake wanajua kwamba wageni hawaji.

Majina yenyewe ya majira yanachangia kosa hilo. Mkulima wa Bahi au Chamwino akisema masika, mara nyingi anamaanisha msimu wake wote wa mvua, kuanzia Desemba. Mvuvi wa Bagamoyo akitamka neno lilo hilo anakusudia Machi hadi Mei tu. Kiangazi cha Dodoma ni ule ukame mrefu wa Mei hadi Novemba, wakati miti ni vijiti na vumbi liko hadi kwenye chai, ilhali kiangazi cha pwani ni joto kali la Januari na Februari, wakati huku tunapalilia uwele. Ndugu wawili wanaweza kupatana kwa simu kwamba watakutana kiangazi na kila mmoja akawa na mwezi wake kichwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe hutenganisha mambo haya kwa uangalifu: hutoa utabiri wa vuli na wa masika kwa maeneo yenye misimu miwili, na utabiri wa "mvua za msimu" kwa maeneo kama Dodoma, Singida na Tabora.

Chanzo cha tofauti hizi ni ukanda mvua, mkanda wa mawingu unaoizunguka dunia karibu na ikweta mahali pepo za kaskazini zinapokutana na pepo za kusini. Hewa zikikutana hazina pa kwenda ila juu; hewa yenye mvuke ikipanda hupoa, na ikipoa humwaga maji. Mkanda huo hulifuata jua kaskazini na kusini mwaka mzima, lakini kwa kuchelewa wiki kadhaa, kwa kuwa bahari ni nzito kupata joto na nzito kulipoteza. Unapopanda kuelekea kaskazini, kati ya Machi na Mei, huikuta bahari ya pwani yetu ikiwa katika joto lake la juu kabisa, karibu nyuzi joto 29 au 30, na huko huko hujivuta taratibu. Ndiyo maana masika ni mvua za kutwa na kucha. Unaporudi kusini, Oktoba hadi Desemba, bahari haijasahau baridi ya Agosti, ambayo huishusha hadi nyuzi 25 hivi, na mkanda hupita kwa haraka zaidi. Vuli basi huja kwa manyunyu na ngurumo za mchana, ikiacha asubuhi nyingi zikiwa nyeupe.

Dodoma inachelewa kuzipata mvua hizo za Oktoba na Novemba kwa sababu hewa yenye mvuke kutoka baharini inapaswa kwanza kuvuka milima ya Uluguru, Nguru, Ukaguru na Rubeho. Hupanda upande wa mashariki, humwaga mzigo wake kwenye misitu ile yenye ukungu, kisha huteremka upande wetu ikiwa kavu. Yeyote aliyesafiri kwa basi kutoka Morogoro kuja Dodoma ameuona mpaka huo kwa macho: ukishaiacha Gairo, kijani kinakwisha na mibuyu inaanza. Ni mpaka Desemba na Januari, ukanda mvua unapokuwa umetanda magharibi na kusini mwa nchi na kupokea pia unyevunyevu wa upande wa Kongo, ndipo na sisi tunakumbukwa. Wakati huo huo pwani ya Dar es Salaam na Unguja inapigwa na upepo wa kaskazi na mvua zake ni haba.

Na hapo tunafika kwenye kitu ambacho mtu wa bara hukidharau, nacho ni upepo. Wenyeji wa pwani hawakuupanga mwaka kwa mvua peke yake. Bara la Asia linapopoa, Desemba hadi Machi, hewa yake nzito husukumwa kuja kwetu na kuwa kaskazi; linapopata joto, hewa huvutwa kutoka kusini ya mbali kuelekea huko na kuwa kusi, inayotawala kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi kwa karne nyingi. Hata sisi wa katikati ya nchi tunazitaja pepo hizo kila siku bila kujua, maana kaskazini ni upande wa kaskazi na kusini ni upande wa kusi. Manahodha na wakulima wa pwani walikuwa na mwaka wa siku 365 unaoanza siku ya Nairuzi, ambayo Makunduchi huiadhimisha mpaka leo kwa Mwaka Kogwa mwezi Julai, na waliuhesabu kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo huteleza siku 11 hivi kila mwaka na hauwezi kumwambia mtu lini atweke tanga.

Faida ya kuzijua pepo hizo ni kwamba ufukwe mmoja hauwi mzuri mwaka mzima. Kusi inapovuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, pwani ya mashariki ya Unguja hupokea mawimbi na majani ya baharini yanayotupwa mchangani kwa marundo, ilhali Kendwa na pande za magharibi hutulia kama bakuli. Kaskazi inapoingia, Nungwi ndiyo inayopigwa usoni, na Kizimkazi ya kusini hupata kivuli. Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya maleleji, upepo unapokosa msimamo. Kuhusu kipupwe, yaani ile baridi ya Juni hadi Agosti, niongeze kwamba mtu wa Dodoma, aliyezoea usiku wa Julai unaomlazimu kujifunika mablanketi mawili, atauona ubaridi wa Unguja kuwa mzaha.

Lipo pia suala la rangi ya maji, ambalo linatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhani. Mto Kinyasungwe, ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu wanakopita ng'ombe, hufurika mvua zinaponyesha na kupeleka maji yake Mkondoa, kisha Wami, kisha baharini. Udongo mwekundu uliochukuliwa kwenye mashamba yetu husaidia kuyatia wekundu maji ya pwani kati ya Bagamoyo na Saadani, kama vile Pangani na Rufiji zinavyofanya kwenye midomo yake. Anayetaka kuona samaki chini ya maji wakati wa mvua na aende visiwani, mbali na midomo ya mito, au asubiri.

Sasa mwezi gani? Nikiulizwa mimi, nitasema nusu ya pili ya Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba, kipindi ambacho wenyeji hukiweka ndani ya demani: kusi imechoka, vuli haijaingia, bahari imeanza kupata joto, na wageni wa Ulaya wanaojaza vyumba Julai na Agosti wamekwisha rudi kwao. Mwenye hamu ya kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na madhara kwa mtu, anaweza kuusogeza mpango wake mbele kidogo, kwa kuwa huonekana Mafia, karibu na Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi. Januari na Februari zina bahari ya vuguvugu, lakini usiku wake unamtesa mtu wa nyanda za juu ya mita 1,100. Jasho la Dodoma hukauka kabla hujaliona; la Dar es Salaam mwezi Februari halina pa kwenda, kwa sababu hewa imeshiba mvuke tayari.

Wenye watoto wa shule hawana uhuru huo. Likizo zao ni za Juni na Desemba, na kati ya hizo mbili ningechagua mwishoni mwa Juni, kwa sharti la kutafuta ufukwe uliokingwa na kusi, kwani Desemba ina mkia wa vuli mwanzoni na bei za sikukuu mwishoni. Watumishi wa Serikali wana bahati ambayo hawaioni: Bunge la bajeti huwafunga hapa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na kwa hiyo huwanyima likizo katika miezi ile ile ambayo wasingeifurahia. Kwa anayejali bei kuliko jua, Mei ndiyo rahisi kuliko yote, na akijua anachokinunua hana wa kumlaumu.

Kanuni hizi huvunjika katika miaka fulani. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto kupita kawaida na ya mashariki yakapoa, vuli hugeuka kuwa gharika, kama ilivyotokea mwaka 2019 na tena 2023. Vimbunga ni nadra kwetu kwa kuwa tuko karibu mno na ikweta, lakini Hidaya alifika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024. Utabiri wa msimu usomwe kabla ya kulipia chumba.

Limebaki jambo moja ambalo sikulijua mpaka liliponikuta. Tulifika Jambiani asubuhi ya saa nne, watoto wamekwisha vaa nguo za kuogelea, tukakuta bahari haipo. Palikuwa na tambarare ya mchanga na matope hadi mbali, kwenye mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia mwambani, na wanawake wameinama wakifunga mwani kwenye kamba. Nilimwamkia mmoja wao, bibi mwenye ndoo kichwani, nikamwuliza maji yameenda wapi. "Marahaba, mwanangu," alinijibu. "Leo bamvua. Yamekupwa tu, yatajaa alasiri." Mwezi ulikuwa mpevu usiku ule, na hilo lilikuwa jibu kamili: mwezi unapoandama na unapopevuka, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina hufika mita 4 hivi. Siku hizo, katika pwani ya Unguja, maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Mvuto umegawanyika, kupwa kwake ni kudogo, na saa nne asubuhi ndio wakati maji yamejaa.

Tangu hapo, kabla ya kutazama bei za treni, hutazama kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani kwa jirani yangu hapa Majengo, na natafuta tarehe ya 7 hadi ya 9, au ya 22 hadi ya 24, za mwezi mwandamo.