Je, wajua kwa nini mama anayenyonyesha huweza kushika mimba kabla ya kuona hedhi?

Jirani yangu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, alikuwa na mtoto wa miezi tisa, wa kutambaa na kuvuta kila pindo la buibui lililopita mbele yake. Jioni moja tukiwa barazani akalalamika kwamba harufu ya samaki wa kukaanga inamchafua roho. Bibi mmoja aliyekuwa akichagua mchele akainua macho, akamtazama kitambo, akasema, "Mwanangu, wewe una mimba."

"Nitashikaje, bibi? Nanyonyesha, na tangu nifasi ikatike siyaona hata tone!"

Kipimo cha mkojo kikatoa mistari miwili wiki ile ile.

Jirani hakuwa mjinga. Kunyonyesha kweli huchelewesha mimba, na mama zetu walijua hivyo kabla ya kliniki. Alichokosea ni kuifanya hedhi kuwa bawabu wake, na hedhi ni bawabu anayefika mlangoni mgeni akiwa ameshaingia.

Tuanzie ubongoni. Sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya GnRH, na huitoa kwa mapigo, si mfululizo kama maji ya mfereji. Nusu ya kwanza ya mzunguko wa mwanamke, pigo moja huja kila baada ya dakika 60 hadi 90 hivi. Aliyesikiliza matwari, zile ngoma za mkononi za Maulidi hapa Lamu, ataelewa upesi: zikivurugika nafasi kati ya pigo na pigo, wanaoitikia hupotea wote. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake, huko Marekani, walionyesha jambo hilo kwa nyani. Walipowapa homoni hiyo mara moja kwa saa, tezi iliitikia. Walipoimimina bila kukatiza, tezi ilinyamaza.

Tezi yenyewe ni pituitari, iliyo chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya mbaazi. Ikipata mapigo yaliyo sawa hutoa homoni mbili, FSH na LH. FSH hukuza vifuko vya mayai kwenye ovari, navyo vikikua hutoa estrojeni. Estrojeni ikipanda vya kutosha, LH hufurika ghafla, na ndani ya siku moja na nusu hivi kifuko hupasuka na yai hutoka. Mabaki ya kifuko hayatupwi. Hugeuka kiwanda cha projesteroni, homoni inayoutandika mji wa mimba kwa muda wa wiki mbili hivi. Mimba isipoingia kiwanda hufungwa, projesteroni hushuka, utando humomonyoka, na hiyo ndiyo hedhi.

Umeona mpangilio? Yai kwanza, damu baadaye. Nitalirudia hilo.

Sasa mtoto aweke mdomo kwenye ziwa. Mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari hadi ubongoni, na majibu huwa mawili. Oksitosini huyasukuma maziwa yatoke. Ndiyo inayomlowesha mama kanga sokoni akisikia mtoto wa mwenzake analia. Prolaktini nayo huagiza maziwa mengine yatengenezwe, na usiku hupanda zaidi ya mchana. Lakini habari hiyo hiyo ya chuchu, pamoja na prolaktini iliyojaa damuni, huwanyamazisha wapiga twari. Mapigo ya GnRH hupungua na kukosa mpango, LH haifuriki, yai halitoki.

Kwa hiyo kinachozuia yai ni kunyonya kwenyewe, mara kwa mara, mchana na usiku. Wingi wa maziwa si kinga, wala uji wa pilipili manga hausaidii hapo, ingawa ni mtamu na sitamshauri mzazi yeyote aukatae. Mwaka 1980 watafiti Melvin Konner na Carol Worthman walichapisha habari za wanawake wa Kisani wa jangwa la Kalahari. Watoto wao walinyonya dakika mbili hivi, wakapumzika kama robo saa, wakarudi tena, na usiku walilala ubavuni mwa mama. Hawakuwa na vidonge wala sindano, na bado mtoto mmoja na anayemfuata waliachana karibu miezi 44.

Mama asiyenyonyesha kabisa, kwa upande mwingine, anaweza kutoa yai hata kabla ya arobaini kwisha. Hili huwashangaza wengi.

Basi kinga ya ziwa inategemewa kiasi gani? Agosti 1988 wataalamu walikutana mjini Bellagio, Italia, wakakubaliana masharti matatu: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya ziwa tupu au karibu tupu, na mama hajaona hedhi tangu kujifungua, bila kuhesabu damu ya wiki nane za kwanza. Yakitimia yote, kinga hupita asilimia 98. Likivunjika moja, mama atafute njia nyingine siku hiyo hiyo. Washauri wa uzazi huongeza kwamba mchana zisipite saa 4 bila kunyonyesha, na usiku zisipite 6.

Saa hizo ndizo zilizomponza jirani. Mtoto alipotimiza miezi mitano mama alirudi kazini, akivuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kwa boti kila asubuhi. Mtoto alibaki na bibi yake, chupa moja asubuhi na uji mchana, mama akirudi jua linakaribia kuzama. Hata angekuwa anakamua maziwa kazini, ziwa lingeendelea kujaa lakini mkono hauupi ubongo ujumbe wenye nguvu ya mdomo wa mtoto. Ongeza na mtoto kuanza kulala usiku kucha, jambo ambalo nyumba nzima ililishukuru. Wapiga twari wakapata nafasi. Mapigo yakarudi, kifuko kimoja kikakua, yai likatoka.

Hapa ndipo mpangilio wa yai na damu unapouma. Yai lile la kwanza halina tangazo. Lisipokutana na mbegu, wiki mbili baadaye damu ingekuja na jirani angejua kwamba kinga imekwisha. Likikutana nayo, damu haiji kabisa, na mama huhesabu kukosa hedhi kama dalili ya usalama. Katika miezi sita ya mwanzo hatari hii ni ndogo, kwa sababu mara nyingi damu ya kwanza huja bila yai lililotangulia, ikawa onyo la mapema. Miezi ikisonga mbele, yai huzidi kuitangulia damu.

Anayetaka uhakika asisubiri kuona mwezi. Koili, kijiti na vidonge vya projesteroni pekee haviharibu maziwa. Vidonge vyenye estrojeni ndani yake havimfai anayenyonyesha wiki sita za mwanzo, na kwa kawaida huepukwa hadi mtoto afike miezi sita. Na asiyenyonyesha, lakini anatokwa maziwa na hedhi imekatika, asikae nyumbani akitafuta aliyemroga. Huenda prolaktini imepanda kwa sababu ya dawa fulani, au uvimbe mdogo kwenye pituitari, na tiba ipo.

Barazani kwetu habari haikuishia kwenye kipimo. Wakaanza kumnong'ona kwamba mtoto atabemendwa, yaani atadhoofishwa na mimba ya mamake. Neno hili ni kali, linamtia mama hatiani mbele ya watu. Maziwa ya mjamzito si sumu, na mwenye mimba isiyo na matatizo kwa kawaida huweza kuendelea kunyonyesha. Aliyetokwa damu au aliyewahi kuzaa kabla ya wakati ndiye amuulize daktari kwanza. Ila wazee hawakuona ndoto. Projesteroni ya mimba mpya hupunguza maziwa, na mtoto asipojaziwa chakula hudhoofu kweli. Miaka ya 1930 daktari Cicely Williams aliandika kuhusu unyafuzi huko Ghana, iliyokuwa ikiitwa Gold Coast, akatumia jina la Waga, wenyeji wa huko, kwashiorkor: maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake alipokuja. Walikuwa mbali na Lamu, na walikuwa wameona kitu kile kile.

Jirani aliongeza samaki, mayai na maharagwe kwenye chakula cha mtoto, akaendelea kumnyonyesha. Bibi alishanunua shubiri ya kupaka chuchuni ili mtoto achukie ziwa. Haikufunguliwa. Mimba ilipokaribia mwezi wa tano maziwa yalipungua na ladha ikageuka. Mtoto akavuta mara mbili tatu, akakunja uso, akateremka mapajani kwa mamake na kuelekea jikoni kwenye sufuria ya uji.